Uso wa Annest, Jina la Dorothi

Vitabu vilifika kanisani kwetu Hebroni siku ya Jumapili, ndani ya kapu la Meurig wa kinuni, vimefunikwa kwa gunia ili mvua isiviharibu. Vilikuwa vitabu vya maisha ya marehemu mhubiri Rhydderch Llwyd, yule ambaye babu zetu walimfuata kutoka mlima hadi mlima ili tu wamsikie akiomba. Kila nyumba ya bonde letu iliagiza kimoja. Sisi wa shamba la Hendre Wen tuliagiza pia, ingawa tangu dada yangu Annest atengwe na kanisa, mama na mimi tulizuiwa meza ya Bwana, tukawa tunakuja tumeinamisha vichwa na kuondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Siku hiyo hatukuwahi kuondoka. Ibada ilipokwisha Meurig, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama mlangoni akigawa vitabu, na watu wakajikusanya chini ya ukingo wa paa kukwepa mvua. Nikafungua chetu pale pale. Mwanzoni kulikuwa na picha ya mhubiri mwenyewe, nywele nyeupe, kidole kimeinuliwa. Nikafunua ukurasa wa pili, na dada yangu akanitazama.

Annest alikuwa amekufa majira ya baridi yaliyopita.

Alikuwa amevaa kikofia cheupe chenye marinda kuuzunguka uso, na juu yake ile kofia yetu ndefu nyeusi. Shali ilikuwa imebanwa kifuani. Mikono yake ilitulia juu ya Biblia iliyofungwa. Ile alama ndogo nyeusi chini ya jicho ilikuwepo, na ule mdomo ulioinuka upande mmoja kama mtu anayezuia kucheka. Chini ya picha, kwa herufi za madaha, paliandikwa: Dorothi Llwyd, mke mpendwa wa mhubiri.

Alama ya Annest ilikuwa chini ya jicho la kushoto. Kwenye picha ilikuwa upande wa pili, na mdomo nao uliinuka upande usio wake. Mchongaji akimchora mtu moja kwa moja kwenye shaba bila kumgeuza, karatasi inayopigwa chapa hutoka hivyo, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Nadhani ndiyo sababu wengine hawakumtambua. Mimi na yeye tulilala pamoja darini, na kila asubuhi tulichana nywele mbele ya kipande kimoja cha kioo, yeye mbele, mimi nyuma yake. Uso wa dada yangu niliouzoea zaidi ni ule wa kwenye kioo.

"Tazameni macho hayo," alisema Betsan, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, akikishika kitabu chake mbali kwa sababu haoni vizuri karibu. "Yametulia kama maji ya ziwa. Huyo ndiye mwanamke. Si sisi tunaoshinda tukigombana na kuku."

"Jisemee mwenyewe na kuku wako," mtu akamjibu.

"Lakini mbona kama anafanana..." Betsan akanigeukia. "Anafanana na yule wa kwenu, Leusa. Kidogo tu. Hapa kwenye kidevu."

"Funga mdomo, Betsan!" Meurig alifoka. "Unamlinganisha mke wa mhubiri na nani? Na leo ni siku ya Bwana!"

"Nimesema kidevu tu, mzee. Kidevu hakikutengwa na kanisa."

Wawili watatu walicheka, kisha wakakohoa kuficha kicheko. Meurig akakiinua kitabu chake na kukitazama kwa muda. "Huu," alisema, "ni uso wa mtakatifu. Mtu akiuona anajua."

Mama alinichukulia kitabu mkononi, akakifunga, akakiingiza chini ya shali yake. "Twende," alisema. "Mvua inazidi." Niliamini kwamba hakuwa ameiona picha.

Aliyeichora ni Ithel Puw, na lazima niseme alivyoingia nyumbani kwetu.

Miaka ile watu wa serikali kutoka London walikuwa wamezunguka nchi yetu, wakaandika kwamba wanawake wetu ni wachafu, wa mwili na wa tabia. Makanisa yalichemka. Baadhi ya wachungaji waliona jawabu ni kuwaonyesha wanawake wetu walivyo, wakiwa wamevaa nguo zao za heshima na Biblia mikononi, katika magazeti ya kanisa na picha za kutundika ukutani. Ithel alikuwa mtoto wa mfuma sufu wa Hebroni, akaenda kujifunza kuchonga kwenye shaba huko Chester, akarudi kufungua karakana mjini Dolgellau. Alitumwa azunguke mashambani kutafuta nyuso. Alichora wakunga, wake za wazee wa kanisa, bibi mmoja aliyejua Zaburi zote kwa moyo. Hendre Wen alikuja kumchora mama. Akamwona Annest akiingia na ndoo, na mama hakuchorwa tena.

Annest alikaa dirishani jikoni kwetu, mama akifuma soksi karibu na moto ili pasiwe na la kusemwa. Nilipenda kumtazama Ithel akifanya kazi. Siku moja patasi yake ilimponyoka, ikapiga mstari shavuni mwa picha, nikapiga kelele. Akacheka. Alikwangua ule mstari, akausugua, kisha akaligeuza bamba la shaba na kuligonga taratibu kwa nyuma ili pale palipobonyea painuke tena. "Shaba inasamehe, Leusa," alisema. "Ila ukiipapasa mgongoni utajua ilisamehe wapi."

Baada ya muda alianza kuja pia kwa njia nyingine, ya vijana wote wa kwetu wanapochumbia, hata wale ambao leo ni wazee wa kanisa: kokoto dirishani watu wakishalala, viatu mkononi, kisha mazungumzo kitandani na nguo zote mwilini. Kanisa linakataza, na kila mtu mzima ameshafanya. Mimi nilikuwa nahamia kwa mama, na mama alikuwa anajifanya hajui kwa nini. Kwa siri, mbele ya Annest, nilikuwa namwita Ithel shemeji, na wote wawili walikuwa wanafurahi.

Annest aliposhika mimba aliitwa kwenye kikao cha waumini. Meurig alimtaka ataje mwanamume. Annest alisimama wima, akatazama mbele, hakutaja. Ithel alikuwa amekaa upande wa wanaume akiichunguza kofia yake kama mtu anayetaka kuinunua. Alikuwa amemwomba Annest avumilie hadi gazeti la kanisa lifanye uamuzi wa kumpa kazi. Siku hiyo ikifika, angesimama mbele ya wote na kumchukua awe mke wake. Nilisimama mimi, nikasema kwamba dada yangu ana ahadi ya ndoa, na aliyeahidi yumo humu ndani. Meurig alisema, "Basi asimame." Hakusimama mtu. Annest akanivuta gauni nikae. Jina lake likasomwa kuwa ametengwa, naye akatoka nje ya Hebroni, na hakurudi.

Mtoto alizaliwa amekufa. Kikohozi kikafuata.

Ithel alikuja kumwona mara moja, mchana, na karatasi ya kwanza ya majaribio, ambayo bado haikuwa na jina. Annest aliishika kwa vidole viwili ili asiichafue. "Umenipa mikono ya mtu asiyefanya kazi," alimwambia. "Huyu hajawahi kukamua hata mbuzi." Tukacheka sote. Kisha akauliza kama jina lake litaandikwa.

"Nitalichonga mwenyewe," Ithel alisema. "Jina lako na la shamba lenu. Litasomeka wakati mawe yote ya makaburi ya Hebroni yameota kuvu."

Dada yangu hakuwekewa jiwe. Aliyetengwa hazikwi na jiwe kwetu; anapewa nafasi upande wa ukuta, na majani. Kwa hiyo nilikuwa naingoja ile shaba. Niliingoja majira yote ya baridi na majira ya kuchipua, nikijiambia kwamba kazi nzuri haiharakishwi.

Siku ya soko nilibeba soksi tulizofuma, nikashuka Dolgellau kwa miguu. Soksi niliziacha kwa mtu. Karakana ya Ithel ilikuwa juu ya duka la matandiko ya farasi, na ngazi zake zilinuka ngozi. Alikuwa amekaa dirishani, mbele yake chupa ya mviringo iliyojaa maji ya kukusanya mwanga, amebana kioo cha kukuzia jichoni.

"Shemeji," nilisema.

Kioo kilimdondoka jichoni. "Leusa. Karibu. Ondoa karatasi hizo ukae."

"Sikai. Nataka kuliona bamba."

Hakuuliza bamba gani. Alilitoa kabatini, limefungwa kitambaa, akalifungua mezani. Kwenye shaba Annest alikuwa kama alivyokuwa hasa, alama kushoto, mdomo upande wake. Ndani ya shaba hakuwa wa kwenye kioo.

"Jina lake liko wapi?"

"Halikuwahi kuwepo," Ithel alisema. "Mahali pale palikuwa patupu. Usinitazame hivyo, Leusa. Sikumfuta mtu yeyote. Palikuwa na nafasi, watu wa kitabu wakaiomba."

Nikaliinua bamba, nikapitisha kidole mgongoni, chini kabisa, nyuma ya herufi za Dorothi Llwyd. Palikuwa na vibonyeo kutoka mwisho hadi mwisho, vidogo, vya nyundo, vimepangana vizuri. Ithel alikitazama kidole changu kikitembea, kisha akatazama nje dirishani.

"Nililichonga," alisema. "Wiki ile ile tuliyomzika. Annest wa Hendre Wen. Yalikuwa maandishi mazuri, Leusa. Sijawahi kuandika vizuri hivyo."

"Halafu?"

"Halafu Bi Gaenor akaja."

Bi Gaenor alikuwa binti wa marehemu mhubiri, mwanamke mzima ambaye hakuolewa, aliyekuwa anakaa pembeni ya mji na vitabu vya baba yake.

"Na gazeti likakupa kazi," nilisema.

"Limenipa."

"Basi kungoja kwako kumekwisha. Simama sasa. Njoo Hebroni useme huyu ni nani."

"Nikisema watauliza nilimchora wapi, na lini, na kwa nini naumia hivi. Unataka na mimi nitengwe? Itamsaidia nini yeye?"

"Yeye alitengwa peke yake, shemeji."

"Usiniite hivyo." Alishusha sauti. "Watu wa dukani chini wanasikia."

Nililiweka bamba mezani. Alilifuta kwa kitambaa pale nilipolishika, kwa mazoea tu, nadhani, lakini niliona.

"Nenda kwa Bi Gaenor," alisema. "Bamba ni la kitabu chao sasa. Akikubali yeye, nitabadilisha kwa chapa zijazo. Naapa."

"Umeshaapa," nikamwambia, nikashuka ngazi.

Bi Gaenor alinifungulia mlango mwenyewe, akaniingiza sebuleni, akanipa chai na mkate wa zabibu kabla sijasema nimefuata nini. Picha ilikuwa ukutani ndani ya fremu, chini yake maua. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mtu kwamba uso anaoulilia si wa mama yake.

"Bi Gaenor," nilianza, "yule pale ukutani ni dada yangu."

"Najua," alisema. "Weka siagi, mwanangu. Mkate huo mkavu bila siagi."

Nikabaki na kisu mkononi.

"Unadhani simjui mama yangu? Mama alikuwa na kengeza. Jicho moja likitazama Bala, jingine linatazama Dolgellau. Na ndui ilimpitia akiwa msichana, ikamwachia mashavu kama jibini lililoliwa na panya. Baba alimpenda hivyo hivyo na mimi nilimpenda hivyo hivyo. Lakini wazee walikuja hapa, wakakaa hapo ulipokaa, wakasema kitabu kisipokuwa na mke kitaonekana cha padri wa Roma asiyeoa. Na mke mwenye kengeza je? Hilo hawakulisema. Waliliacha nilitafute mwenyewe."

Alijimiminia chai.

"Ithel alizipanga picha mezani kwake, zote za wanawake, kama mtu anayecheza karata. Nilipofika kwa huyu nililia. Nilisema, mama angepewa uso huu, watu wangemtazama alipokuwa anaongea. Maishani mwake walitazama viatu vyao."

"Sasa wanatazama mtu mwingine," nilisema.

"Wanasema jina lake. Inanitosha." Akanitazama, na macho yake mwenyewe yalikuwa manyoofu kabisa. "Umekuja kutaka nilirudishe jina la dada yako."

"Ndiyo."

"Sitarudisha. Watu wameshamlilia mama yangu kwa uso huo. Siwezi kwenda kuwaambia wayarudishe machozi. Lakini usinitazame kama mwizi, binti. Mimi si mwizi. Nilimwambia Ithel, nenda kaulize kwao kwanza. Akaenda. Mama yako alitoa ruhusa. Alitoa na jibini, nililila mimi."

Sikumbuki kama niliaga. Nakumbuka aliniuliza mlangoni, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa mcheshi."

"Vizuri," Bi Gaenor alisema. "Mama hakuwa."

Njia ya kurudi ni ya kupanda. Nilipita kwenye madaraja na kwenye malango ya kondoo bila kuyaona. Nilikuwa najaribu kumfanya Bi Gaenor kuwa mwongo, na nilishindwa kwa sababu ya lile jibini. Mtu hawezi kutunga jibini.

Mama alikuwa anageuza mikate ya shayiri kwenye bamba la moto. Hakuinua kichwa.

"Soksi ziliuzwa?"

"Ulijua."

Akageuza mkate mwingine. "Vua viatu, umeleta tope lote la Dolgellau."

"Mama. Ulijua kabla ya Jumapili. Ulikaa ndani ya Hebroni ukingoja vigawiwe."

"Nilijua." Akajifuta mikono, akakaa. "Ithel alikuja siku uliyokuwa mtoni unaosha sufu. Alikaa hapo. Alilia, kama unataka kujua. Akasema gazeti haliwezi kupokea picha ya mwanamke aliyetengwa, hata ikichorwa na malaika. Bamba lingekaa kabatini mpaka siku atakapoishiwa shaba alikwangue lote, achore mchungaji. Au alichukue yule binti wa mhubiri, na uso wa mwanangu utundikwe katika kila nyumba kutoka hapa mpaka baharini. Wewe ungechagua nini?"

"Jina lake."

"Jina!" Ni hapo tu aliponyanyua sauti. "Jina lake lilisomwa. Nililisikia. Meurig alilisoma kama anayesoma alama ya kondoo aliyepotea. Sitaki kulisikia tena midomoni mwao. Lakini Jumapili walisema nini walipoutazama uso wake? Si ulikuwepo? Walisema mtakatifu. Meurig mwenyewe alisema."

"Hawakumsema yeye, mama."

"Mimi nilisikia wakimsema yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

Harufu ya mkate ulioungua ilijaa jikoni na hakuna aliyeinuka. Ithel nilimjua tangu siku ya kikao; nilipokwenda kwake nilijua naenda kwa mtu aliyeshindwa kusimama. Bi Gaenor sikuwa na haki ya kumdai kitu. Lakini mama nilikuwa nalala naye chumba kimoja tangu mazishi, kwa sababu dari lilikuwa limekuwa kubwa mno kwangu, na nyakati nyingine aliniuliza, "Picha ya Ithel bado?" nami nikimjibu, "Bado, mama, kazi nzuri haiharakishwi." Alikuwa ananiuliza huku anajua. Hadi leo sijui alikuwa anataka kusikia nini.

Kesho yake nilichukua kisu, nikautoa ukurasa kitabuni. Nikafuta jina la Dorothi kwa wino mpaka lisisomeke, na chini yake, kwa mwandiko wangu bora, nikaandika Annest wa Hendre Wen. Nikaitundika picha ukutani, mkabala na mlango, mahali ambapo anayeingia hawezi kukwepa.

Mama aliitazama akiwa na kapu la udongo tunaouchoma badala ya kuni mikononi. Hakuitoa. Siku zilizofuata niliwahi kumkuta amesimama mbele yake, na mara moja nilimsikia akisema kitu kuhusu ile mikono isiyokamua. Nikadhani nimeshinda. Nikadhani kwamba ameonja kuwa na vyote viwili, uso na jina, na hataweza tena kuacha kimoja.

Kabla ya meza ya Bwana wazee wa kanisa huzungukia nyumba. Meurig alikuja kwetu alasiri, peke yake, mvua ikimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Alikuwa mchangamfu.

"Cadi," alimwambia mama, hata kabla hajakaa, "nimekuja na neno jema. Kikao kimeona nyinyi wa nyumba hii mmevumilia vya kutosha. Mrudi kwenye ushirika. Wewe na Leusa. Hakuna atakayewauliza kitu."

Mama aliketi kwenye kigoda. "Asante, mzee," alisema, na alisema tena.

Ndipo Meurig alipogeuka kutafuta pa kutundika kofia, akaiona picha. Akasoma.

"Leusa. Hiki ni nini? Ni wewe uliyeandika?"

"Ni dada yangu, mzee. Mtazame vizuri. Wewe ndiye uliyemfundisha kusoma, pale shule ya Jumapili. Alikuwa anakaa karibu na goti lako."

Akasogea. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake, na kwa kuwa nilimwomba atazame, alitazama. Nilimwona akianzia kwenye kidevu, kama Betsan. Akapanda kwenye mdomo. Akainua mkono, akaziba upande mmoja wa uso, kisha upande wa pili, kama mtu anayejaribu kugeuza kitu kichwani. Mkono ukabaki hewani. Alimtambua. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na nitakula kiapo popote kwamba alimtambua, kwa sababu alisema, kwa sauti ndogo sana, "Ee, mtoto."

Nikangoja. Nilifikiri kwamba sasa imetosha, kwamba aliyelisoma jina lake litoke ndiye atakayelirudisha.

Meurig alirudi nyuma hatua. Akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Cadi," alisema, bila kunitazama mimi, "neno nililoleta ni la nyumba isiyo na fujo. Nyumba inayoandika jina la aliyetengwa juu ya mke wa mhubiri, nitakwenda kukiambia nini kikao?"

"Umemwona," nilisema. "Mzee, umemwona."

"Nimeona picha iliyochafuliwa, Leusa."

Mama aliinuka. Alichukua mkasi wa sufu kwenye ndoana, akaishusha picha, akaiweka juu ya meza, akaipapasa inyooke. Nilisema, "Mama." Nilisema mara moja tu. Akakata kutoka kushoto kwenda kulia, chini ya Biblia, taratibu, asiguse vidole vya Annest. Ukanda wa karatasi ukaanguka na majina yote mawili, lililofutwa na lililoandikwa. Akautia motoni, akaitundika picha pale pale.

"Sasa hana jina," alimwambia Meurig. "Hivyo, kanisa linaweza kumvumilia?"

Meurig aliitazama kwa muda. "Hivyo hapana ubaya," alisema.

Akaketi. Mama akammiminia maziwa mtindi, akamwekea mkate na lile jibini letu. Alikula vizuri. Kisha akapiga magoti pale sakafuni, na mama kando yake, akamshukuru Mungu kwa wanawake wema aliowainua katika nchi yetu, na hasa kwa mjakazi wake Dorothi, ambaye uso wake unaibariki nyumba hii. Sauti yake ilikatika mahali fulani katikati. Akasafisha koo, akaendelea.

Mama aliitikia amina kwa nguvu. Meurig akabaki na macho yamefumbwa, akingoja ya kwangu. Nilichukua ndoo nikatoka kwenda kukamua, ingawa ng'ombe walikuwa bado hawajashuka kutoka mlimani.